Mwalimu wa Kiingereza na Sikio la Mwanafunzi

Katika shule nyingi ambako Kiingereza si lugha ya nyumbani, imejengeka imani kwamba mwalimu bora wa lugha hiyo ni yule aliyezaliwa nayo. Akija mwalimu kutoka Uingereza au Marekani, darasa zima humtegea sikio. Akiingia mwenyeji, baadhi ya wanafunzi huyachunguza matamshi yake kabla ya kuyapima mafundisho yake. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini katika jambo hili yafaa kuulizwa kwanza kama mwenyeji ni mgonjwa kweli.

Imani hiyo ina historia katika Afrika Mashariki yenyewe. Mwaka 1961 ulifanyika Makerere, Uganda, mkutano wa nchi za Jumuiya ya Madola juu ya ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Mwaka 1992 mwanaisimu Robert Phillipson alieleza kwamba miongoni mwa mawazo yaliyotokana na mkutano huo ni lile la kumwona mzawa wa Kiingereza kuwa ndiye mwalimu bora. Alilipinga, kwa hoja kwamba ualimu haurithiwi kwa kuzaliwa, bali hupatikana kwa mafunzo.

Je, sikio la mwanafunzi ni mizani ya kuaminiwa? Mwaka huo huo wa 1992, Donald Rubin wa Marekani alitangaza matokeo ya jaribio lake. Wanafunzi 62 wa chuo kikuu walisikilizishwa mhadhara uliorekodiwa kwa sauti ya mzawa wa Kiingereza. Baadhi yao walionyeshwa picha ya mwanamke mweupe kuwa ndiye msemaji. Wengine walionyeshwa picha ya mwanamke wa Kiasia. Sauti ilikuwa ile ile. Hata hivyo, walioona picha ya pili walidai kusikia lafudhi ya kigeni zaidi, na ufahamu wao wa mhadhara ulipopimwa, ulikuwa mdogo zaidi. Hapo ndipo penye hasara: dharau haimpunguzii mwalimu heshima tu, bali humpunguzia mwanafunzi elimu.

Si kweli, hata hivyo, kwamba walimu hao wawili hawana tofauti. Mwaka 2002 David Lasagabaster na Juan Manuel Sierra, waliochunguza maoni ya wanafunzi katika nchi ya Wabaski nchini Hispania, walikuta kwamba mzawa alipendelewa katika matamshi na mazungumzo, na asiye mzawa katika sarufi na mbinu za kujifunza. Mhungaria Péter Medgyes naye, katika kitabu chake cha mwaka 1994, alikiri upungufu wa mwalimu asiye mzawa, lakini akabainisha kwamba mwalimu huyo huyatambua mapema matatizo ya mwanafunzi.

Sababu yake ni dhahiri. Mwalimu Mswahili anajua kwa nini mwanafunzi wake huchanganya "he" na "she", kwani Kiswahili kina "yeye" mmoja tu kwa mwanamume na mwanamke. Anajua pia kwa nini "ship" na "sheep" husikika kama neno moja: irabu za Kiswahili ni tano, na sauti zote mbili huangukia kwenye "i". Mgeni asiyejua Kiswahili huliona kosa. Mwenyeji huliona pamoja na mzizi wake, maana njia hiyo aliipita mwenyewe.

Hoja hii isiwe kinga ya uzembe. Mwalimu asiyesoma wala kuzungumza Kiingereza mara kwa mara hawezi kuokolewa na uenyeji wake, kama vile asiyeandaa somo hawezi kuokolewa na kuzaliwa London. Nchini Tanzania, ambako Kiingereza ndiyo lugha ya kufundishia katika sekondari, mwanafunzi anayemzibia masikio mwalimu wake wa lugha hujizibia pia fizikia na kemia. Ampime kwa maelezo anayoyatoa na madaftari anayoyasahihisha, si kwa mahali alipozaliwa.