Anania hakufa kwa ubahili

Sisi huku Uingereza tunaendelea kubeba maboksi. Leo nasema jambo litakalowaudhi wengi, wa huku na wa huko.

Jamani, tumezidi kudanganyana! Mbeba boksi anapiga picha ameegemea gari la mwenye nyumba wake, anairusha kwenye WhatsApp, halafu analalamika shangazi akimwomba bati za nyumba nzima. Huko nyumbani nako bibi analazwa mara tatu kwa mwaka, kumbe yuko shambani anapalilia mahindi, na hela ya dawa imenunua simu. Tena wote ni wa kanisani, na uongo huu tunauita busara.

Fungueni Matendo ya Mitume sura ya 5. Anania na mkewe Safira waliuza kiwanja, wakabakiza sehemu ya fedha, wakapeleka nyingine kwa mitume kana kwamba ndiyo yote. Wahubiri wengi wanaitumia habari hii kukamua sadaka, utadhani walikufa kwa ubahili. Si kweli! Petro alimweleza kwamba kiwanja kilikuwa chake, na hata baada ya kuuza, fedha ilikuwa juu yake mwenyewe. Angeleta nusu akasema ni nusu, yangeishia hapo. Kwa hiyo wewe wa huku, kama una pauni 50 na unatuma 20, sema hivyo hivyo. Nauli ya basi si dhambi.

Wa nyumbani nanyi mnaye Gehazi, 2 Wafalme sura ya 5. Naamani amepona ukoma, Elisha amekataa zawadi, mtumishi wake akamkimbilia Naamani njiani na kubuni vijana wawili wageni wenye shida. Wageni hewa, kama wagonjwa wetu hewa. Aliomba talanta moja ya fedha, akapewa mbili. Naamani alitoa kwa moyo mweupe, na huo moyo ndio ulioibiwa.

Najua mtanitajia wakunga wa Misri na Rahabu. Sawa, wale waliokoa watu wasiuawe. Wewe unaokoa nini, simu ya tachi?

Kuna mwenzetu hapa aliletewa ujumbe kwamba mama yake hali mbaya. Akacheka, "Tena?", kwa sababu mama huyo alishaumwa sana kwenye simu huku ni mzima. Hakutuma kitu, hata kupiga hakupiga. Wiki iliyofuata tulikuwa sebuleni kwake tunachangishana rambirambi. Nani tumlaumu hapo, yeye au wale waliomzoesha?

Haya, nitumieni maoni, hata matusi nitasoma. Ila ukitaka simu, niandikie kwamba unataka simu. Nikikujibu sina, ujue kweli sina.