Tambi za Mboga, na Saa ya Baina ya Magharibi na Isha

Wasomaji wetu wamezoea kutukuta katika ukurasa huu tukizungumza khabari za ibada na malezi. Mwezi huu tumekusudia kuzungumza juu ya sufuria. Asicheke mtu, kwani sufuria ya usiku, kwa tuonavyo sisi tusomeshao watoto, ndiyo iwapokonyayo wasichana wetu wengi elimu yao.

Maelezo yake ni haya. Katika vyuo vingi vya pwani yetu darasa za vijana na za watu wazima husomwa baina ya Magharibi na Isha, na muda huo hauzidi sana saa moja na robo. Watoto wadogo huja wote, wake kwa waume. Lakini msichana akisha kutimiza miaka 12 au 13 huanza kuadimika. Leo yuko, kesho hayuko. Ukiwauliza wenziwe, fulani yuko wapi, hujibu pasi na kuona ajabu yoyote: yuko jikoni, anakuna nazi. Na mamake yuko naye. Amesali Magharibi mbio mbio, amerudi motoni, na adhana ya Isha humkuta papo hapo, uso umejaa moshi. Nduguye wa kiume amekaa darasani akifunzwa kuwa kutafuta elimu ni faradhi.

Hatuna ugomvi na wali wa nazi. Sisi wenyewe twaupenda, na nyumba isiyoupika siku ya Ijumaa twaionea huruma. Lakini tuihesabu kazi yake kwa uadilifu. Kuna kuchagua mchele na kuuosha, kuvunja nazi, kuikuna, kuikamua tui zito na jepesi, kuutokosa wali na kuupalia makaa juu. Kisha mchuzi nao una yake. Mpishi hodari hamalizi chini ya saa moja na nusu. Kwa mgeni au kwa sikukuu, karibu. Ama kumtaka mwanamke aliyeshinda sokoni, au afisini, au shambani, afanye hayo kila usiku wa mwaka, hilo twaona ni kumtwisha.

Chakula tukipendekezacho kwa usiku wa kazi ni tambi za mboga. Wengi katika sisi tukisikia tambi hufikiri zile nyembamba za Ramadhani, zilizokaangwa zikatiwa sukari, iliki na tui. Hatusemi hizo. Twasema zile nene kidogo ziuzwazo madukani kwa jina la spageti, au ndugu zake makaroni, zinazopikwa kwa chumvi na mchuzi wa mboga, zikawa chakula kamili.

Kuna wazee watakaokunja uso waseme: hiki ni chakula cha Wazungu. Wazee hao twawaomba watusikilize. Mwanachuoni Mwislamu wa jiografia, Al-Idrisi, alikitimiza kitabu chake kikubwa mwaka 1154 huko Sisilia, kwa amri ya mfalme Roger wa Pili. Humo ameutaja mji uitwao Trabia, karibu na Palermo, akaeleza kuwa watu wake hutengeneza tambi kwa wingi, nazo hupakiwa majahazini zikapelekwa Calabria na miji mingine ya Waislamu na ya Wakristo. Jina alilolitumia ni la Kiarabu, itriya. Basi wale wasemao kuwa Marco Polo ndiye aliyezileta tambi Italia kutoka China wamekosea hesabu, kwani Marco Polo alirudi Venice mwaka 1295, miaka 141 baada ya Al-Idrisi kumaliza kitabu chake. Na jirani zetu Wasomali, ambao Uislamu wao hauna shaka, huila spageti kama sisi tulavyo wali, hata na ndizi mbivu pembeni. Ni kweli kuwa kwao iliingia kwa utawala wa Waitaliano. Waitaliano wameondoka, spageti imebaki, wala hatujasikia mwenye kuitolea fatwa.

Sasa tuingie jikoni. Kwa watu sita yatosha spageti nusu kilo. Mboga zikatwe mapema, baada ya sala ya Alasiri: vitunguu maji viwili, thomu chembe nne, karoti mbili, pilipili boga moja, mumunye moja dogo, na nyanya sita zilizoiva barabara. Kazi hii ya kukata si lazima iwe ya msichana peke yake. Mvulana wa miaka 10 ana mikono miwili, na kisu hakibagui.

Yatelekwe mafuta vijiko vinne vikubwa, vikaangwe vitunguu mpaka vilainike, kisha thomu na kijiko kidogo cha bizari nyembamba. Hapo zitiwe karoti, kwani ndizo ngumu. Zikisha kuiva nusu ndipo pilipili boga na mumunye vifuate, na nyanya mwisho pamoja na chumvi. Usitie maji, nyanya na mumunye vitatoa yao. Funika, uache kwa moto mdogo robo saa. Atakaye mchuzi mzito zaidi na atie tui zito kikombe kimoja, na aliye na kunde au choroko zilizobaki mchana azimimine humo, zitakaa mahali pa nyama bila ya mtu kulalamika. Wengine hutia vidonge vya supu vya dukani. Huyo na asome kwanza karatasi yake, ajue nyama iliyomo ni ya nini na imechinjwa vipi. Asipopata jibu, chumvi na ndimu zamtosha.

Tambi zichemshwe katika maji mengi, lita nne au zaidi, yenye kijiko kikubwa cha chumvi. Zitiwe maji yakisha kutokota, si kabla, na zikorogwe mwanzo zisigandamane. Dakika 8 mpaka 10 huiva. Ionje moja, ikiwa yatafunika lakini haijawa uji, epua. Wapishi wetu wengi huharibu hapa. Huziacha zikavimba mpaka zikawa kama ugali wa nyuzi, au huzimwagia maji baridi zikatoka utando wake, na mchuzi ukawa haushiki. Usizioshe. Kabla ya kuzichuja teka kikombe kimoja cha yale maji ya kuchemshia, kisha tambi uzitie ndani ya mchuzi pamoja na mchicha uliokatwa na maji hayo kidogo kidogo, ugeuze kwa dakika mbili. Wanga uliomo katika maji ndio uufungao mchuzi. Kamulia ndimu, nyunyizia majani ya kotmiri, pakua.

Mwenye jiko la gesi lenye mafiga mawili hamaliza yote kwa nusu saa. Mwenye jiko moja la makaa apike mchuzi kabla ya Magharibi na aufunike, na birika kubwa la maji likae motoni wakati watu wanasali. Au mchuzi na tambi vyote viwe tayari kabla ya adhana, na watu wakirudi vipashwe moto tu.

Kuhusu watoto wasemao hawali mboga, wasimuliwe khabari iliyopokewa na Anas bin Malik (r.a.) katika Sahihi ya Bukhari: fundi cherehani mmoja alimwalika Mtume (s.a.w.) chakulani, na Anas akamwona Mtume akiyafuata mamumunye kandokando ya sahani. Anas asema kuwa tangu siku hiyo hakuacha kuyapenda mamumunye. Tumeijaribu khabari hii kwa watoto wa chuoni, na yafaa kuliko fimbo. Karoti bado.

Wanaume nao tuna neno nao. Bibi Aisha (r.a.) aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, akajibu kuwa alikuwa katika kuwatumikia watu wa nyumba yake, na sala ikifika hutoka kwenda kusali. Na Abu Huraira (r.a.) amepokea kuwa Mtume hakukitia ila chakula kabisa, akikitaka hukila, asipokitaka hukiacha. Basi baba aketiye mkekani akaisukuma sahani kwa kuwa si wali, na aijue sunna anayoiacha. Wako pia wanaoitoa hoja ile hadithi ya kuanza na chakula kikisha kuwekwa hata sala ikikimiwa. Hadithi ni sahihi, lakini haikuja ili wanawake wawekwe motoni mpaka Isha.

Tambi zikibaki zifunikwe vizuri zisilale nje katika joto letu; mwenye jokofu aziweke humo. Asubuhi zikaangwe kwa mafuta kidogo, zivunjiwe mayai mawili, na watoto wazinywee chai kabla ya kwenda skuli.