Asiyeogopa kaburi ataogopaje selo?

Kijana kaletwa hospitali usiku, baada ya kujaribu kujiua. Daktari anauliza kilichotokea. Ndugu wanatazamana, kisha mama mkubwa anajibu: "Alikunywa kwa bahati mbaya, alidhani ni soda." Daktari anatibu tumbo. Baada ya siku mbili kijana anaruhusiwa, na kilichomsukuma anarudi nacho nyumbani.

Mama mkubwa hakudanganya kwa ubaya. Anaogopa polisi, na ana sababu. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinasema kujaribu kujiua ni kosa. Sheria hiyo tuliachiwa na Waingereza. Wenyewe waliifuta kwao mwaka 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipopata uhuru. Sisi tumebaki nayo. Jirani zetu Kenya walikuwa na kifungu cha 226, kilichoweza kumpeleka mtu jela hadi miaka miwili. Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu, Nairobi, alitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba.

Wapo wanaosema sheria hii inawatisha watu wasijiue. Asiyeogopa kaburi ataogopaje selo? Wanaotishika ni mama, mke na rafiki, walewale wenye habari ambayo daktari anaihitaji. Na anaihitaji kwelikweli, maana aliyewahi kujaribu ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi ya kujaribu tena.

Wengi wanaofikia hapo wanaumwa. Sonona humnyima mtu usingizi, ikamwondolea hamu ya kula, mwisho akashindwa hata kuiona kesho. Mwenye sonona huambiwa ni mvivu, au imani yake imepungua, ilhali ugonjwa wake una tiba: ushauri nasaha na dawa. Malaria ikimpanda mtu kichwani akaanza kuweweseka, tunatafuta bodaboda usiku huohuo, wala hakuna anayemwita askari. Sonona nayo inastahili haraka hiyo.

Tunasema Bunge lifute kifungu cha 217. Kabla halijafanya hivyo, polisi wasiandike jalada la mashtaka kwa mtu ambaye bado yuko wodini. Nazo hospitali zisimruhusu kuondoka kabla hajakaa na mtaalamu wa afya ya akili, na kabla ndugu hawajaelezwa namna ya kuishi naye.

Sisi majumbani tuna kazi yetu. Wengi tunadhani kumuuliza mtu kama anafikiria kujiua ni kumtia wazo hilo kichwani. Sivyo. Mara nyingi swali hilo humpa nafasi ya kuutua mzigo aliokuwa ameubeba peke yake. Ukimwona nduguyo amejifungia ndani, simu hapokei, chakula hagusi, muulize bila kuzungukazunguka. Kaa umsikilize, kisha mpeleke hospitali. Na daktari akiuliza kilichotokea, usimwambie habari ya soda.