Benki ndiyo yenye ushahidi, na ithibitishe



Nataka kuzungumzia fedha zinazotolewa kwenye akaunti bila ya mwenyewe kujua. Hapa Pemba mishahara, viinua mgongo na fedha za karafuu hupita benki, kwa hiyo jambo hili linatugusa wengi. Mteja akilalamika, mara nyingi huambiwa kwamba kadi na namba ya siri vilitumika, basi aliyetoa ni yeye au mtu wake. Hapo hakuna kilichochunguzwa. Saa ya muamala, mashine au wakala aliyetoa fedha, kumbukumbu za kadi na picha za kamera, vyote vimo mikononi mwa benki. Mteja ana taarifa ya akaunti tu. Si haki asiye na ushahidi ndiye adaiwe ushahidi. Tena picha za kamera hazidumu, kwani mpya hurekodiwa juu ya za zamani, na kila "njoo kesho" huufuta ukweli kidogo kidogo.

Wanaosema wateja ni wazembe hawakosei kabisa: wapo wanaowapa watoto kadi na namba ya siri wakawatolee fedha, na wapo waongo. Lakini bila ya uchunguzi, mzembe, muongo na aliyeibiwa wote huhukumiwa sawa. Wengine husema uchunguzi ni kazi ya Polisi. Polisi humtafuta mwizi, na kumbukumbu wanazozihitaji hutoka benki hiyo hiyo. Wala kuitaka benki ithibitishe si muhali. Marekani, sheria ya 1978 inaitaka benki ithibitishe kwamba mteja aliidhinisha muamala. Kwa kawaida hupewa siku 10 za kazi kuchunguza, na ikitaka muda zaidi humrejeshea mteja fedha kwa muda huku ikiendelea.

Nasi msingi tunao. Benki ni jambo la Muungano, na Kanuni za Benki Kuu za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za 2019 zinaihusu Wete kama zinavyoihusu Dar es Salaam. Asiyeridhika na benki yake anaweza kulifikisha lalamiko Benki Kuu. Naiomba Benki Kuu ikaze zaidi: lalamiko lipokelewe kwa maandishi na lipewe namba, picha zihifadhiwe siku hiyo hiyo, na jibu litaje mashine, saa na njia iliyotumika. Benki isiyoweza kuyaonesha hayo irudishe fedha za mteja.

Msomaji,
Jadida, Wete, Pemba