TUSINGOJEE SIKU YA AROBAINI

Wahenga walisema kuwa siku za mwizi ni arobaini. Usemi huo una kweli yake, lakini mwananchi aliyeamka asubuhi akakuta redio, mtungi wa gesi na cherehani yake vimechukuliwa hapati faraja kubwa kwa kuambiwa angojee siku ya arobaini. Yeye alitaka mwizi ashindwe siku ya kwanza. Kwa hiyo leo twapenda kuwakumbusha wasomaji wetu jambo linalomhusu kila mwenye nyumba na kila mpangaji, mjini na shamba: ulinzi wa nyumba huanza kabla mwizi hajafika, na nguvu yake kubwa ni ujirani.

Twaanza na yale madogo. Mara nyingi mwizi wa majumbani hatafuti nyumba yenye mali kupita zote. Hutafuta iliyo rahisi kuingiwa. Mlango umeegeshwa tu wakati mwenyewe yu dukani. Ufunguo umefichwa chini ya zulia la mlangoni, mahali ambapo mwizi hupatazama kwanza. Simu imelazwa karibu na dirisha, ikavutwa usiku kwa kijiti. Ngazi ya fundi imesahauliwa nje. Kuyarekebisha hayo hakuhitaji fedha. Anayehamia nyumba ya kupanga yafaa abadilishe kitasa, maana hajui funguo za zamani zimo mikononi mwa nani. Mwenye simu na abonyeze *#06#, anakili namba inayotokea na kuiweka penginepo, kwa kuwa itamfaa akienda kutoa taarifa polisi. Naye apendaye kutangaza safari zake mtandaoni angoje hadi amekwisha kurudi nyumbani.

Wako wanaodhani kuwa nondo na kuta ndefu zamaliza mambo. Nondo ni nzuri, lakini dirisha lenye nondo zisizofunguka humfungia mwenye nyumba ndani moto unapozuka. Hapana budi kila nyumba iwe na dirisha ambalo nondo zake hufunguliwa kwa ndani, na ufunguo wake ujulikane na watu wote wa nyumba hiyo, hata watoto. Ukuta mrefu nao una hasara yake: mwizi akisha kuuruka, wapita njia hawamwoni tena, naye aweza kuvunja mlango kwa nafasi.

Hapo ndipo tunapomhitaji jirani. Katika miaka ya 1960 TANU ilianzisha utaratibu wa nyumba kumi kumi, na balozi aliyewajua watu wake aliweza pia kumtambua mgeni. Katika miaka ya 1980 wananchi wa Usukumani na Unyamwezini, walipochoshwa na wizi wa ng'ombe na ujambazi, waliunda Sungusungu, wakalinda vijiji vyao wenyewe. Na mwaka 1989 sheria ya nchi iliwatambua. Leo mijini twaishi ukuta kwa ukuta bila hata kujuana majina. Gari likipakia vitu vya jirani mchana kweupe, twadhani anahama.

Twashauri basi kila nyumba chache zikutane. Wabadilishane namba za simu, wamjue mwenyekiti wao wa mtaa au kitongoji, na wakubaliane ishara moja ya hatari, kama vile filimbi. Anayesafiri amwage jirani mmoja anayemwamini. Na ukisikia mtu ndani ya nyumba yako usiku, usimfuate gizani, kwani hujui ameshika nini. Kusanya watoto chumba kimoja, funga mlango, piga kelele, na upige 112 kuwaita polisi. Redio hununuliwa tena. Roho haina duka.

Lakini ujirani huo una mpaka wake, nasi twausema waziwazi. Kelele za "Mwizi!" zimekwisha kuua watu wengi katika nchi yetu, kwa mawe, kwa fimbo na kwa moto. Anayeshukiwa aweza kuwa kijana aliyepotea njia, mgonjwa wa akili, au mtu aliyesingiziwa na mdeni wake. Hata Sungusungu, pamoja na sifa zao, palikuwa na mahali walipowatesa akina mama wazee kwa tuhuma za uchawi. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 13, yakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla hajathibitika kuwa na hatia. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 yampa raia ruhusa ya kumkamata mhalifu katika hali maalumu, lakini yamtaka amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Anayempiga mtu hadi kumwua ameacha kuwa mlinzi. Naye amekuwa mhalifu. Tena maiti haisemi mali imefichwa wapi, wala haimtaji aliyeinunua.

Na huyo mnunuzi tusimsahau. Televisheni inayouzwa gizani kwa robo ya bei yake si bahati, ni jasho la mtu mwingine. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai, na kila anayeikataa amempunguzia mwizi sababu ya kurudi usiku wa kesho.

Twawaomba wananchi wasingojee mpaka mtu wa mtaa wao aumizwe ndipo mkutano uitwe. Jioni ya leo kila mmoja na akague makomeo yake, kisha abishe hodi kwa jirani asiyemjua jina.