Watoto wa Mji wa Barafu

Akina mama wenzetu, mwezi huu tunawapeleka mbali, hadi kaskazini mwa Sweden, katika mji unaoitwa Örnsköldsvik. Jina ni gumu kutamka, na hata wenyeji hulikata wakasema Ö-vik. Mji huo uko pwani, zaidi ya kilomita 500 kutoka Stockholm, na wakazi wa mjini kwenyewe ni kama 30,000 tu. Kwa miaka mingi riziki ya watu wa huko imetokana na misitu, mbao na karatasi. Mwezi wa Desemba jua huchomoza na kutua katika muda wa saa tano hivi, na watoto hurudi kutoka shule gizani.

Katika giza hilo ndimo walimolelewa baadhi ya wachezaji bora wa hoki ya barafuni duniani. Kwa wale ambao hawajauona mchezo huu: kila upande una wachezaji sita, mmoja wao akiwa golikipa. Huvaa viatu vyenye chuma chembamba chini, wakateleza juu ya barafu wakigombea kisahani cha mpira mgumu kwa magongo. Ni mchezo wa kasi na wa kugongana. Mama anayeutazama kwa mara ya kwanza hufumba macho.

Klabu ya mji huo inaitwa MODO. Ilianzishwa mwaka 1921 kwa jina jingine, na mwaka 1963 ikachukua jina la kampuni ya misitu ya Mo och Domsjö. Ubingwa wa Sweden imeupata mara mbili tu, mwaka 1979 na mwaka 2007. Kwa hiyo hatuitaji kwa sababu ya vikombe. Tunaitaja kwa sababu ya watoto.

Mwaka 1973, katika mwezi mmoja wa Julai, walizaliwa mjini humo Peter Forsberg na Markus Näslund, wakipishana siku kumi. Forsberg ndiye aliyefunga penalti dhidi ya Kanada katika fainali ya Olimpiki ya 1994, bao ambalo Sweden ililitolea stempu ya posta mwaka uliofuata. Näslund alikuwa nahodha wa timu ya Vancouver, Kanada, tangu mwaka 2000 hadi 2008. Mwaka 2010 unahodha wa timu hiyo hiyo ukamwangukia Henrik Sedin, naye pia mtoto wa Ö-vik. Kisha yuko Victor Hedman, aliyezaliwa 1990 na kutwaa ubingwa wa Amerika Kaskazini mara mbili. Mji mdogo namna ile unawezaje?

Wengi watajibu haraka: samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli watoto wa huko huvalishwa viatu vya barafu wakiwa wadogo sana. Lakini wazazi wengi hulitumia neno hilo kumkamua mtoto, na sivyo wanavyofanya Sweden. Siku hizi chama cha hoki cha nchi hiyo kinaelekeza watoto wadogo wacheze kwenye sehemu ndogo ya uwanja, ili kila mmoja aguse kisahani mara nyingi, na msimamo wa ligi usiandikwe. Kila mtoto apate zamu yake. Anayechelewa kukua hafukuzwi akiwa na miaka tisa, kwa maana nani ajuaye atakuwaje akifika kumi na saba? Mji mkubwa unaweza kupoteza watoto usijali. Mji mdogo humhitaji kila mmoja.

Jambo la pili ni mikono ya wazazi. Klabu za Sweden ni vyama vya wanachama, na timu za watoto huendeshwa na baba na mama wa watoto wenyewe, bila mshahara. Mmoja hufundisha, mwingine hufunga kamba za viatu, mwingine huuza kahawa na mikate ukumbini. Vifaa vya mchezo huu ni ghali, hivyo wazazi hupita nyumba kwa nyumba wakiuza soksi, biskuti, hata karatasi za chooni, ili kupata fedha za timu. Tulicheka tuliposikia habari ya karatasi za chooni, lakini ndivyo ilivyo.

Henrik Sedin tuliyemtaja ana pacha wake, Daniel, aliyemfuata kwa dakika sita. Walicheza pamoja MODO tangu wakiwa vijana, na mwaka 1999 timu ya Vancouver ilihangaika kuwapata wote wawili ili wasitenganishwe. Walikaa huko pamoja misimu 17, hadi 2018. Mwaka 2010 waliipa hospitali ya watoto ya jimbo lao dola milioni 1.5.

Hata hivyo, tusiwafiche upande mwingine. Kijana wa miaka kumi na sita anayetoka mbali na kuchaguliwa kuingia shule ya sekondari yenye hoki huhama nyumbani. Anajipikia, anajifulia, na mama yake hubaki akitazama kitanda kitupu. Tena wengi wao hawatakuwa nyota kamwe. Tunaona busara moja katika mpango huo: hoki imewekwa ndani ya ratiba ya shule ya kawaida, hivyo asiyefanikiwa uwanjani hutoka na cheti sawa na wenzake.

Na klabu yenyewe imeonja uchungu. Mwaka 2016 MODO ilishuka daraja, ikapanda tena 2023, na mwaka 2025 ikashuka mara nyingine. Kulea watoto wa watu na kuwaona wakiondoka kwenda kuvuna ng'ambo si jambo jepesi. Wengine walikumbuka nyumbani. Ligi ya Amerika iliposimama msimu wa 2004 hadi 2005 kwa mgogoro wa mishahara, Forsberg, Näslund na mapacha wale wote walirudi kuichezea MODO. Mwaka 2009 Forsberg na Näslund, wakiwa watu wazima wa miaka 36, walirudi tena. Mcheza kwao hutunzwa, na mji ule haukuwasahau.

Isingekuwa haki kuwaacha mabinti. MODO ina timu ya wanawake, na mwaka ule wa 2016, wanaume waliposhuka, wanawake walibaki katika ligi kuu yao. Msimu uliofuata, mtu wa Ö-vik aliyetaka kuona hoki ya ligi kuu mjini kwake ilimbidi akate tiketi ya kuwatazama mabinti.