Daktari wa Ubongo Amtegemea Mama

Wahenga walinena: mficha maradhi, kifo humuumbua. Miongoni mwa maradhi yafichwayo majumbani, kifafa ni la mbele. Mtoto huanguka, hukakamaa na kutokwa na povu; majirani hunong'ona kuwa amerogwa, na wazazi humfungia ndani.

Kazi ya daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu ina ugumu wake. Daktari wa mifupa huuona mfupa uliovunjika, lakini daktari wa kifafa ni nadra kuuona ugonjwa anaoutibu. Mgonjwa hufika kwake akiwa mtulivu, naye aghalabu hakumbuki lililompata. Hata mashine ya kupima umeme wa ubongo, ambayo Hans Berger wa Ujerumani aliitangaza mwaka 1929, huenda isionyeshe dosari ilhali ugonjwa upo. Kwa hiyo daktari humuuliza mama: Macho yaligeukia wapi? Mkono upi ulitangulia kutetemeka? Ilichukua dakika ngapi?

Thamani ya majibu hayo ilidhihirika kaskazini mwa Uganda, katika wilaya za Kitgum na Pader. Wazazi huko waliona watoto waliokuwa wazima wakitikisa vichwa mara tu walipowekewa chakula. Mwaka 2012 Serikali ilifungua vituo vya kuwatibu. Wataalamu wanauhusisha ugonjwa huo na minyoo ya usubi, ienezwayo na inzi waumao kando ya mito iendayo kasi.

Malipo ya daktari huyu ni kumwona mtoto aliyefichwa akirudi shuleni. Shirika la Afya Duniani laeleza kuwa hadi wagonjwa 70 katika kila 100 waweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Fenobabito, dawa iliyotumika tangu mwaka 1912, ni ya bei nafuu. Huzuni yake ni pale dawa inapokosekana zahanati, au mzazi anapoikatiza ghafla kwa kuona mtoto amepata nafuu. Hapo kifafa huweza kurudi kwa kishindo na kuua.

Akina mama na akina baba wazingatie haya. Mtoto akianguka, aondolewe karibu na moto na maji, alazwe ubavu, wala asitiwe kijiko kinywani. Saa itazamwe, zikipita dakika 5 bila kutulia, apelekwe hospitali upesi. Naye aliyeshuhudia afuatane naye, akamweleze daktari yote aliyoyaona.